Viatu vya skii vihesabiwe kama koti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyoichapisha majuzi kuwashauri wasafiri wanaokwenda Ulaya majira ya baridi. Mwandishi alieleza vizuri habari za makoti na bima, lakini alipowafikia wanaokwenda kuteleza kwenye theluji alimaliza kwa kusema wafuate masharti ya mizigo ya shirika lao la ndege, kana kwamba masharti hayo ni kitu kimoja. Hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi na ninaishi Reading, Uingereza, ambako mwanangu alijifunza mchezo wa skii akiwa shule ya msingi. Kila Februari, shule zinapofunga kwa wiki moja, tunaruka hadi Geneva na kupanda basi kuelekea milima ya Ufaransa. Najua wapo watakaocheka kusikia Mchaga aliyekulia chini ya theluji ya Kibo bila kuigusa anakata tiketi kwenda kuchezea theluji ya Wafaransa. Na wacheke.

Skii zenyewe, yaani zile mbao ndefu za kutelezea, hazina ubishi, kwa kuwa za mtu mzima hufika sentimita 160 na zaidi, na hakuna rafu ya abiria inayozipokea. Fimbo zake nazo zina ncha za chuma, na maofisa wa usalama huzikataa kama wanavyozikataa fimbo za kupandia mlima, jambo ambalo sina neno nalo. Vitu hivyo mtu huvikabidhi kaunta na kuvilipia, au huvikodi huko huko mlimani kama tufanyavyo sisi. Ubishi uko kwenye viatu.

Kwa msomaji ambaye hajavishika, kiatu cha skii ni gamba la plastiki ngumu lenye vifungo vya chuma, na ndani yake mna kiatu kingine laini ambacho mara nyingi hupashwa joto dukani ili kichukue umbo la mguu wa mwenyewe. Jozi ya mtu mzima huweza kufika kilo nne au tano. Kisipokaa sawasawa mguuni, kisigino huchubuka siku ya kwanza na kucha ya kidole gumba huanza kuwa nyeusi siku ya pili, na ndiyo maana hata sisi tunaokodi skii husafiri na viatu vyetu, tena tukivishika mkononi, kwa sababu begi lililokabidhiwa kaunta huweza kubaki nyuma.

Sasa tazama vipimo. Lufthansa humruhusu abiria wa daraja la kawaida begi moja la sentimita 55 kwa 40 kwa 23, lisilozidi kilo 8, ambamo viatu peke yake huweza kula nusu ya uzito au zaidi. British Airways huruhusu begi la 56 kwa 45 kwa 25 lenye hadi kilo 23, pamoja na mkoba mdogo. Begi la bure la easyJet ni la 45 kwa 36 kwa 20, na viatu vikiingia humo, hakuna kingine cha maana kitakachoingia. Mashirika yote matatu hurusha Airbus za aina ya A320, kwa hiyo tofauti ya kilo 8 na kilo 23 haikutoka kwa mhandisi.

Hilo nilithibitisha kwa macho yangu mwaka jana, langoni, tukisubiri kupanda ndege ya shirika ambalo sitalitaja. Begi la mwanangu liliingia kwenye kipimo bila shida, lakini viatu alikuwa amevitundika begani kwa kamba, na mhudumu akasema huo ni mzigo wa pili na una ada yake, ambayo ilizidi nauli ya mtoto mwenyewe. Mwanangu akauliza kama akivivaa itakuwaje. Yule mama akafikiri kidogo, akajibu kwamba vikiwa mguuni ni mavazi. Basi kijana akaketi sakafuni mbele ya watu, akavua raba, akazisokomeza moja kila mfuko wa koti, akafunga vifungo vyote, kisha akapanda ngazi ya chuma ya ndege akigonga hatua moja moja na kushika mkono wa ngazi kwa mikono miwili, kwani soli ya kiatu hicho haikunjiki hata kidogo. Alipofika kwenye kiti akavivua na kuvisukuma chini ya kiti cha mbele.

Uzito uliopanda ndege ile haukupungua hata gramu moja, na viatu vilikaa pale pale ambapo vingekaa kama vingebebwa begani. Kilichoongezeka ni hatari ya mtoto kuanguka kwenye ngazi, na kama kungetokea dharura kabla hajavivua, asingeweza kukimbia.

Mambo ya usalama wa kweli huendeshwa vingine kabisa. Betri za akiba za soksi zinazopasha miguu joto kwa umeme, kwa kuwa ni za lithiamu, lazima zikae na abiria wala si kwenye mizigo iliyokabidhiwa, na kanuni hiyo utaikuta kila uwanja. Mkoba wenye mfuko wa hewa wa kumwokoa mtu kwenye maporomoko ya theluji huhitaji kibali cha shirika kwa sababu ya mtungi wake wa gesi, na kanuni za kimataifa zimetaja hata kiasi cha baruti ya kufyatulia mtungi huo, kwamba kiwe chini ya miligramu 200. Palipo na hatari, dunia imekubaliana hadi miligramu. Palipo na ada, kila shirika lina futi kamba yake.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema tarehe 18 Septemba 2014, katika kesi iliyohusu shirika la Vueling, kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya safari na haufai kutozwa nyongeza, mradi uzito na vipimo vyake viwe vya kiasi na utimize masharti ya usalama. Kiasi hicho ni kipi, haikusema. Hispania ilipoyatoza faini mashirika matano Novemba 2024, jumla ya euro milioni 179, mashirika yalijibu kwamba sheria ya Ulaya inayaachia uhuru wa kupanga bei.

Wapo wanaonishauri niviache viende na mizigo mikubwa, vikipotea nidai fidia. Ni kweli kwamba Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imo, unatoa haki hiyo hadi vizio 1,519 vya SDR, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na unampa abiria siku 21 za kulalamikia mzigo uliochelewa. Likizo yetu ni ya siku saba.

Wasomaji wa Moshi watanielewa upesi kuliko wengine. Wageni wengi wa Kilimanjaro hushuka KIA wakiwa na buti za mlima miguuni, kwa ushauri wa kampuni zinazowapokea, kwa sababu koti na begi la kulalia vinakodishwa mjini, lakini hakuna anayetaka kupanda hadi mita 5,895 na buti asiyoizoea. Ninachoomba kwa mashirika yanayotua KIA na Dar es Salaam ni sentensi moja kwenye masharti yao, isomwe kabla ya malipo: kwamba jozi moja ya viatu vya mlima au vya skii, ikibebwa mkononi, ihesabiwe kama koti, yaani vazi na si mzigo wa kulipiwa. Nanyi, Ndugu Mhariri, mkirudi tena kwenye mada hii, chapeni jedwali la vipimo vya kila shirika pamoja na ada za langoni.

Mwanangu ametimiza miaka 14 na anavaa saizi 44. Raba zake haziingii tena kwenye mfuko wa koti.

Msomaji wako,
Reading, Uingereza