Jiwe la Isimila juu ya kabati la luninga

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mchimba visima Mbagala, mwaka wa 19 sasa. Kazi yetu ni kusoma udongo: kila mita moja inayotoka tunamwaga fungu lake pembeni, kwa mpangilio. Mchanga mwekundu, mfinyanzi, mchanga mweupe wenye maji. Saidia wangu akiyachanganya mafungu, siku imeharibika. Sitajua tena bomba lenye matundu ya kuingizia maji likae kina gani.

Mwezi uliopita, nikirudi kutoka kumzika shemeji Mafinga, nilishuka Isimila, korongo lenye zana za mawe za watu wa kale, kilomita 20 hivi kabla ya kufika Iringa mjini. Nilipanga nusu saa. Nilikaa saa tatu.

Unateremka korongoni kwa miguu (kandambili usivae), na kuta zinakuzunguka. Udongo ninaouona kwenye ndoo vipande vipande, pale umesimama wima: mchanga ulioletwa na mkondo, juu yake tope laini lililotulia kwenye maji yaliyotuama, kisha mchanga tena. Nilikwaruza kwa ukucha, ukamomonyoka. Nikaelewa mvua ilivyozichonga zile nguzo ndefu, nyingine zinapita mbali paa la nyumba yangu.

Chini ndiko kuna mashoka ya mkononi ya watu wa kale, yamechongwa pande zote mbili hadi ncha. Wataalamu wamewahi kuyakadiria miaka 260,000 hivi. Nikaokota moja. Lilienea kiganjani, zito kama nyundo. Kijana anayetembeza wageni akanisogelea: "Mzee wangu, lirudishe hapo hapo." Siyo pembeni, hapo hapo. Hakuhitaji kunifafanulia, ni mafungu yangu yale yale. Jiwe likishatoka kwenye tabaka lake, nani atajua liliachwa na watu wa wakati wa mchanga huu au wa tope lile la juu?

Sasa, Mhariri, juzi nimeingia sebuleni kwa jirani yangu, hapa hapa Mbagala, nikalikuta shoka la namna hiyo juu ya kabati la luninga, kando ya maua ya plastiki. "Aa, fundi, kule yamejaa tele," akacheka. Nikamwambia nikipata safari ya Mbeya nitalirudisha. Hakukataa, hata mfuko alinitafutia. Nikamuuliza aliliokota sehemu gani ya korongo. Akatazama dari.

Fundi visima,
Mbagala, Dar es Salaam