Mtawala, mtihani na kalamu ya Kichina

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na swali lako limenifurahisha. Umesoma vipande viwili vya nathari ya Kichina cha kale, kimoja cha karne ya 6 na kingine cha Han Yu, mwandishi wa enzi ya Tang, ukaona kama vimetoka nchi mbili tofauti. Cha kwanza sentensi zake zinakwenda mbili mbili, zimepambwa hadi maana inajificha. Cha pili kinakukabili kama mtu anayebishana nawe. Unauliza kama ni ladha za watu tu zilizogeuka. Ladha ziligeuka, ndiyo, lakini mkono wa dola ulikuwa mzito zaidi, hasa mkono wa yule aliyesahihisha mtihani wa kuingia utumishi wa dola. Amri za makaizari kuhusu namna ya kuandika zilitolewa mara nyingi, na mara nyingi hazikushika. Kilichogeuza kalamu ni kugeuza sharti la kufaulu.

Tuanze na hicho cha karne ya 6. Nchi ilikuwa imegawanyika kaskazini na kusini, na huko kusini, Jiankang, ambayo leo ni Nanjing, fasihi ilikaa ikulu. Katika miaka ya Yongming, 483 hadi 493, Shen Yue na wenzake walitunga kanuni za kupanga toni nne za lugha yao. Baadaye wana wa kaizari wa enzi ya Liang wakawa wenyewe walezi wa fasihi: Xiao Tong alikusanya Wen Xuan, diwani ya maandishi teule, na nduguye Xiao Gang akaukuza ushairi wa ikulu. Nathari ikafuata mkondo huohuo. Kila kifungu kina mwenzake, herufi 4 kwa 4 au 6 kwa 6, nomino ikikabili nomino, kitenzi kikikabili kitenzi, toni zikipishana. Herufi moja ni silabi moja, kwa hiyo wewe uliyezoea kuhesabu mizani utaona mara moja ni kazi kiasi gani.

Mwaka 584 Kaizari Wen wa enzi ya Sui aliamuru maandishi yote, ya serikali na ya watu binafsi, yaseme mambo yalivyo. Mwezi wa 9 mwaka huo, Sima Youzhi, mkuu wa Sizhou, alipelekwa kuadhibiwa kwa sababu waraka wake ulikuwa na mapambo mengi. Kisha ofisa Li E akamwandikia Kaizari kulalamika kwamba bado wako wanaokaidi. Uusome waraka huo wa Li E: nao umejaa vifungu vya jozi. Simlaumu. Ndiyo lugha ya kiofisi aliyofundishwa, na hakuna aliyempa nyingine. Enzi ya Tang ilipoingia, jozi ziliendelea katika nyaraka za ikulu, na kuanzia 681 mtihani wa jinshi, uliokuwa na heshima kuliko mingine, ukaongezewa utungaji, ambao baadaye ulitulia kuwa shairi na fu, yaani utungo wa nathari yenye vina. Shairi la mtihani kwa kawaida lilikuwa na mistari 12 ya herufi 5, yaani herufi 60. Mtu aliyetaka cheo angejifunza nini kama si kulinganisha jozi?

Ndiyo maana Han Yu (768–824) na Liu Zongyuan (773–819) hawakuweza kuupindua mtindo huo, pamoja na ukubwa wao. Uasi wa An Lushan, 755 hadi 763, ulikuwa umevunja nguvu ya ikulu, nao wakaona dawa ni kurudi kwenye nathari ya enzi ya Han na ya kabla yake, iliyo huru na yenye hoja. Lakini mtihani haukuwa mikononi mwao. Kizazi kimoja baadaye Li Shangyin, ambaye naye alianza na nathari ya kale, aliandika jozi kwa ustadi wa ajabu, kwa kuwa ndizo zilizompa kazi katika ofisi za magavana.

Sasa tazama 1057, mwaka ambao naamini ndio muhimu kuliko yote katika habari hii. Ouyang Xiu, mwandishi na ofisa wa enzi ya Song, aliwekwa kusimamia mtihani. Tatizo lake halikuwa jozi. Lilikuwa mtindo uliozuka katika chuo cha dola, wenye maneno magumu na mafumbo, uliojidai kuwa ndiyo nathari ya kale. Kwa wakati huo majina ya watahiniwa yalifunikwa, na makarani walinakili kila karatasi ili mwandiko usitambulike. Kwa hiyo msahihishaji hakuwa na kingine cha kupima ila mtindo wenyewe. Shen Kuo, aliyeishi zama hizo, anasimulia kwamba Ouyang alikuta insha iliyoandika kwamba mbingu na nchi zasagana, viumbe vyachipuka, mtakatifu atokea. Akajua ni Liu Ji, mtahiniwa aliyevuma kwa mtindo huo. Akachukua brashi ya wino mwekundu akaifuta insha yote, mwanzo hadi mwisho. Walioanguka walimzingira barabarani, na askari wa doria wakashindwa kuwatuliza. Miongoni mwa waliofaulu walikuwa Su Shi, nduguye Su Zhe, na Zeng Gong. Insha ya Su Shi, Ouyang aliiweka ya pili, kwa sababu alidhani imeandikwa na Zeng Gong, mwanafunzi wake mwenyewe, akaogopa kuonekana anapendelea.

Liu Ji huyo alibadili jina kuwa Liu Hui, akabadili na mtindo, na mwaka 1059 akawa wa kwanza nchini. Ouyang akiwa mmoja wa wasahihishaji. Amri ya Sui haikufanikiwa kupata kitu kama hicho.

Nguvu hiyohiyo ina hatari yake. Mwaka 1071 waziri mkuu Wang Anshi aliondoa shairi na fu katika mtihani, akaweka insha za kueleza maana ya vitabu vya kale, na mwaka 1075 ufafanuzi wake mwenyewe ukawa ndio rasmi. Su Shi alimwandikia mwanafunzi wake Zhang Lei kwamba maandishi ya Wang si lazima yawe mabaya. Ubaya ni kutaka kila mtu afanane naye.

Zhu Yuanzhang, mwanzilishi wa enzi ya Ming, alikuwa mtoto wa mkulima na hakuvumilia mapambo. Mwaka 1373 alipiga marufuku jozi za 4 na 6 katika nyaraka. Mwaka 1376 ofisa Ru Taisu alimletea waraka wa herufi kama 17,000. Ukasomwa kwa sauti. Ilipofika herufi ya 6,370 hoja bado haijaonekana, Kaizari akaamuru achapwe. Usiku uliofuata akasikiliza tena, na baada ya herufi 16,500 yakatokea mambo matano yaliyoelezwa kwa herufi mia tano na kitu. Manne aliyaona yanafaa. Ndipo akaweka kielelezo cha namna ya kuandika mapendekezo.

Lakini jozi zilirudi kwa mlango wa uani, kupitia insha ya miguu minane, iliyopata umbo lake katika miaka ya Chenghua, 1465 hadi 1487. Mada ni kifungu kutoka Vitabu Vinne, vitabu vya msingi vya mafundisho ya Confucius. Unaanza kwa sentensi mbili za kuivunja mada, na hapo huruhusiwi kumtaja Confucius kwa jina. Zinafuata sentensi tatu au nne za kuipokea. Kisha unaingia katika sauti ya mtakatifu mwenyewe, yaani Confucius au mfuasi wake Mencius, unasema kama yeye, na hapo ndipo zinakuja jozi nne, yaani miguu minane, kila mguu ukilingana na mwenzake kwa sarufi na kwa urefu. Mwisho ni hitimisho. Wengi waliangukia mahali palepale: wakileta wazo la mstari uliotangulia mada au unaoifuata, kosa, wakitaja tukio la enzi ya Han wakati anayesema ni Mencius, kosa, maana yeye asingelijua. Urefu nao ulibanwa na enzi ya Qing: herufi 550 mwaka 1645, 650 mwaka 1681, 700 mwaka 1778. Gu Yanwu, mwanachuoni wa karne ya 17, anaeleza kwamba zamani hitimisho liliruhusu kugusa mambo ya utawala uliopo, kisha nafasi hiyo ikafungwa. Hilo linanihuzunisha kuliko miguu yenyewe.

Mwaka 1711 mwandishi Fang Bao alitiwa gerezani kwa sababu ya kitabu cha Dai Mingshi kilichohesabiwa kuwa cha uasi. Dai aliuawa 1713. Fang akasamehewa, na mwaka 1736 akapewa kazi na Kaizari Qianlong ya kukusanya insha za mfano za mtihani. Nathari yake, safi na yenye kujizuia, ninaisoma kama ya mtu anayepima kila neno, na haikuwa bure. Insha ya miguu minane ilifutwa 1901, na mtihani wenyewe 1905.

Unaposoma, tafuta kwanza mwaka na aliyeandikiwa, kisha hesabu herufi za vifungu. Angalia pia majina ya makaizari, ambayo ilikatazwa kuyaandika. Katika andiko lake kuhusu mkamata nyoka, Liu Zongyuan anaandika ren mahali pa min, yote mawili yakimaanisha watu, kwa kuwa Kaizari Taizong wa Tang aliitwa Li Shimin. Katika chapa za Qing, xuan huwa yuan kwa ajili ya Xuanye, yaani Kaizari Kangxi, hata mwanachuoni wa Han, Zheng Xuan, utamkuta ameandikwa Zheng Yuan. Usidhani ni watu wawili.

Anza na insha ya Su Shi ya 1057, kuhusu adhabu na tuzo. Ni fupi, na ukiiweka kando ya waraka wa Li E utanijibu wewe mwenyewe. Wasalimie wote nyumbani.

Wako wa siku zote.