Barua ya wazi kwa Balozi wetu London: nyumbu wana sanamu, wapagazi je?

Mheshimiwa Balozi,

YAH: OMBI LA MNARA WA WAPAGAZI WA VITA KUU YA KWANZA, PARK LANE

Shikamoo.

Kutoka ofisini kwako Stratford Place hadi Park Lane ni mwendo mfupi wa miguu. Nakuomba jioni moja umwache dereva, utembee mpaka kwenye kile kisiwa cha katikati ya barabara, karibu na Brook Gate, mbele ya hoteli na majumba ambayo sisi wengine tunayaona kwa nje tu. Utakuta ukuta mrefu wa mawe meupe, uliopinda na kuachiwa mwanya. Nyumbu wawili wa shaba nyeusi wanapanda ngazi kuuelekea mwanya huo. Nyumbu wa mizigo, si wale wa Serengeti. Wameelemewa, na ukisimama karibu unaona jinsi mzigo ulivyofungwa mgongoni na shingo ilivyochoka. Ng'ambo ya ukuta wako farasi na mbwa, ambao wao wameshapita. Na ukutani yamechongwa maneno machache ya Kiingereza kwamba hawakuwa na hiari.

Huo ni mnara wa wanyama waliokufa vitani. Ulizinduliwa na Princess Anne Novemba 2004. Sina ugomvi nao, tena kwa ufundi naupenda kuliko majenerali wengi wa shaba waliojazana London.

Ila kwetu, Mheshimiwa, vita vile nyumbu hawakuviweza. Mbung'o waliwamaliza, wao na farasi na ng'ombe wa kukokota. Magari yalizama kwenye matope ya masika. Basi mzigo ukahamia kichwani kwa binadamu: risasi, unga, machela ya majeruhi, takriban kilo 25 kwa mtu, kutoka pwani hadi Rufiji na mpaka Msumbiji. Waingereza peke yao walichukua watu wanaokaribia milioni moja, na kufikia 1917 vijiji vizima vilikuwa vinakombwa wanaume kwa nguvu. Wajerumani nao walikamata wa upande wao, kwa hiyo babu zetu wa Tanganyika walibebeshwa na pande zote mbili. Kwa upande wa Uingereza, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni wapagazi 95,000 waliokufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, kichomi na ugali usioiva. Wanunuzi wanaopishana Kariakoo leo wanapita juu ya kambi yao.

Nasema makadirio kwa sababu hakuna aliyewahesabu sawasawa. Nenda Green Park, upande wa Piccadilly, kwenye mnara wa askari wa ndege za mabomu za Uingereza wa Vita Kuu ya Pili, uliofunguliwa 2012. Hao waliokufa ni 55,573, hadi mtu wa mwisho. Wetu wanahesabiwa kwa maelfu, kama magunia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi akaomba radhi bungeni. Radhi tumeisikia. Tunataka kitu cha kugusa kwa mkono.

Utajibiwa kwamba tayari pana nguzo za kumbukumbu pale Constitution Hill, za 2002, zenye jina la Afrika. Zipo, nimezisoma. Zimetolewa kwa watu waliojitolea kupigana. Mpagazi hakujitolea, na wala hakupewa bunduki. Yaani katika kipande kidogo cha London ya matajiri, nyumbu ndiye aliyeandikiwa ukweli kwamba alilazimishwa.

Utaambiwa pia kwamba Westminster, eneo hilo la katikati ya London, imejaa. Ni kweli, ina sanamu na minara zaidi ya 300, na baraza lake lina utaratibu wa kuzuia mipya sehemu za katikati, pamoja na kanuni ya kusubiri miaka 10 baada ya mtu kufariki. Lakini Ronald Reagan, rais wa zamani wa Marekani, alifariki 2004, na Julai 2011 alikuwa amesimama Grosvenor Square, ubalozi wa Marekani ukiwa hapo hapo. Kanuni ililegezwa kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuomba. Wa kuwaombea wapagazi ni wewe, pamoja na wenzako wa Kenya, Uganda na Malawi.

Naomba tusiletewe askari mwenye bunduki. Huyo tunaye Dar es Salaam tangu 1927, singe ikielekea bandarini, na wapagazi wametajwa chini yake kwa maandishi tu, kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi walau mpagazi alipewa sanamu yake kando ya askari. Mfano ninaoupenda mimi uko Cape Town: Januari 2025, Princess Anne yuleyule alizindua kumbukumbu ya vibarua weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita hivyo, kila mmoja na nguzo yake ya mbao ya mvule yenye jina. Majina ya wapagazi yaliyosalia kwenye daftari za zamani yatafutwe na yachongwe, na kazi apewe mchongaji wa kwetu.

Novemba utaalikwa Cenotaph, mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani, kuweka shada pamoja na mabalozi wenzako wa Jumuiya ya Madola. Wakubwa wote wa kuombwa watakuwa hapo asubuhi moja. Nenda na barua ya maombi mfukoni, na nakala yake itufikie sisi raia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtanzania mkazi wa London