Jumamosi tunashuka Mabogini

Habari za jioni wanakikundi. Safari hii Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, tunaipa mgongo. Picha za ile theluji zimejaa kila mahali, na nyingi ni nzuri kuliko tutakazopiga sisi, tusidanganyane.

Tunakwenda kupiga picha kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi. Alfajiri maji yanatulia, matuta yanajipinda hadi mbali, na yangeyange wanasimama topeni hatua chache tu kutoka ulipo. Simu inatosha kabisa. Jua likipanda mng'ao unaharibu kila kitu, kwa hiyo saa 12 kamili tuwe tumeshafika.

Wakulima tuwasalimie na kuwaomba ruhusa kwanza, miche isikanyagwe. Mawingu yakiwa mazito tutahamia Msitu wa Rau, huko mwanga hafifu ndio wenyewe.

Raba nyeupe ziacheni nyumbani, jamani. Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi usiku.