Namba ya toleo iandikwe kwenye faili la mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu dawa za kibayolojia za saratani, yaani zile zinazotengenezwa ndani ya seli hai. Makala mliyoichapisha ilieleza kwamba baiosimila, yaani dawa inayotengenezwa kwa kufuata dawa ya awali ambayo hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi kuitengeneza peke yake, imekwisha, haina tofauti na ile ya awali kwa sababu protini yake ni ileile. Wasomaji waliojibu wakashikilia kwamba ya awali ndiyo ya kuaminika na nyingine ni za kubahatisha. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ya kila siku ni kuandaa dawa hizi, na naona pande zote mbili zimeliruka jambo moja, nalo ni sukari.

Nyingi ya dawa hizi ni kingamwili, yaani protini za aina ile ambayo kinga ya mwili hutumia kunasa adui. Mpangilio wa protini ya kingamwili umo ndani ya jeni, kwa hiyo kiwanda kikishapandikiza jeni hiyo katika seli, protini itatoka vilevile leo na mwakani. Vishada vya sukari vinavyoning'inia kwenye protini hiyo havimo katika jeni yake. Hujengwa na vimeng'enya vya seli, kimoja kikiongeza na kingine kikipunguza, na umbo la mwisho hutegemea hali ya seli wakati huo. Kingamwili nyingi za tiba zina vishada viwili kwenye shina lake, na vyote viwili havizidi asilimia 2 au 3 ya uzito wake. Hata hivyo, fukosi, ambayo ni sukari moja tu katika kitako cha kishada, ikikosekana, kingamwili huweza kushikamana na seli za kinga zenye kazi ya kuua kwa nguvu iliyopimwa kufikia mara 50 zaidi. Obinutuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa aina mojawapo ya saratani ya damu, imeundwa makusudi iwe na fukosi kidogo. Manosi, ambazo ni sukari za aina nyingine katika kishada, nazo zikizidi, dawa huondoka mwilini mapema kuliko ilivyokusudiwa.

Kuidhibiti sukari hiyo si kazi ya kuweka kipimo mara moja na kuondoka. Seli zinazotumika zaidi zilitokana na ovari ya hamsta wa Kichina, zikakuzwa kwanza na Theodore Puck huko Marekani katika miaka ya 1950, na leo hulelewa katika matangi ya chuma yenye maelfu ya lita kwa muda wa wiki mbili hivi. Amonia inayotolewa na seli zenyewe ikijaa tangini, galaktosi, sukari nyingine tena, hupungua kwenye vishada. Madini ya manganisi yakiongezwa, hata kwa kiasi kidogo sana, galaktosi huongezeka, kwa kuwa kimeng'enya kinachoiunganisha huyategemea madini hayo. Halijoto ikishushwa chini ya nyuzi 37, au kiwango cha tindikali kikiyumba, sukari nayo huweza kubadilika. Anayepika pilau ya shughuli anajua kwamba vipimo vya sufuria ya nyumbani havizidishwi tu kwa kumi. Kampuni ya Genzyme iliyaona hayo kwa alglukosidasi alfa, ambayo si kingamwili bali ni kimeng'enya cha kutibu ugonjwa wa Pompe, ugonjwa adimu wa kurithi unaodhoofisha misuli: uzalishaji ulipohamishwa kutoka tangi la lita 160 kwenda la lita 2,000, sukari ilitofautiana, na mamlaka ya dawa ya Marekani ikaihesabu kuwa bidhaa nyingine, inayohitaji idhini yake peke yake.

Aina ya seli nayo ina lake. Cetuximab, kingamwili nyingine ya kutibu saratani, hutengenezwa katika seli za panya, ambazo huweka galaktosi kwa muungano ambao mwili wa binadamu hauutengenezi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walieleza kwa nini wagonjwa wengi wa Tennessee na North Carolina walipatwa na mzio mkali katika dozi ya kwanza kabisa: damu yao ilikuwa na kingamwili za mzio dhidi ya sukari hiyo hata kabla ya matibabu. Baadaye chanzo kilihusishwa na kuumwa na kupe, na wenye mzio huo wengine hawawezi hata kula nyama ya ng'ombe.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa trastuzumab, ambayo wagonjwa wetu wa saratani ya matiti huitumia. Mwaka 2017 watafiti wa Samsung Bioepis, ambao walikuwa wakitengeneza baiosimila yake na kwa hiyo walikuwa na maslahi yao, walichapisha vipimo vya matoleo mengi, yaani mikupuo ya uzalishaji yenye namba zake, ya dawa ya awali, Herceptin. Matoleo ambayo muda wake wa matumizi ulikuwa uishe kati ya Agosti 2018 na Desemba 2019 yalikuwa na kiasi kidogo zaidi cha kingamwili zisizo na fukosi, na uwezo wake wa kuzichochea seli za kinga ziue seli za saratani ulikuwa umeshuka. Jina la dawa halikubadilika, wala protini. Basi swali la iwapo dawa ni ya awali au ni baiosimila halitoshi; lazima tuulize ni toleo lipi.

Hapo ndipo penye udhaifu wetu. Wakati fulani daktari aliniuliza ni chupa ya toleo gani aliyopewa mama mmoja aliyetetemeka na kupandwa na homa katikati ya dripu. Faili lilikuwa na neno "trastuzumab" na idadi ya miligramu, basi. Daftari la stoo lilionyesha kwamba wiki ile yalitoka matoleo mawili. Vibandiko vya chupa vilikuwa vimekwenda na taka siku ileile. Hatukuweza kumjibu.

Fomu ya kuripoti madhara ya dawa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina nafasi ya namba ya toleo, lakini haiwezi kujazwa ikiwa namba yenyewe haikuandikwa siku ya dozi. Naomba hospitali zetu ziongeze safu mbili kwenye karatasi ya kuandalia dawa za kibayolojia: jina la kibiashara na namba ya toleo, kwa kila chupa iliyofunguliwa, hata zikiwa chupa mbili kwa mgonjwa mmoja. Kwa sasa mimi nabandua kibandiko na kukigandisha nyuma ya karatasi ya dozi, kwa kuwa mbele hakuna nafasi.

Mfamasia wa dawa za saratani,
Dar es Salaam