Barua ya Wazi kwa Mabinti wa Chapel Hill, Mabingwa wa Lakrosi

Wanangu,

Hongereni sana. Katika lakrosi, mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa fimbo zenye wavu, mlicheza mechi 22 mkashinda 22, na fainali ya Mei 2025 kule Foxborough mkaimaliza kwa mabao 12 dhidi ya 8 ya Northwestern. Chuo chenu cha North Carolina, kilichoko Chapel Hill, kilishatwaa ubingwa huu wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 2013, 2016 na 2022, mara zote chini ya kocha Jenny Levy, aliye na timu tangu ilipoanzishwa mwaka 1996. Kombe la nne si la kubahatisha.

Sasa umefika wakati wa hafla, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Mwenzenu Chloe Humphrey amepewa Tuzo ya Tewaaraton, ya mchezaji bora wa mwaka wa lakrosi ya vyuo, na ni mara ya kwanza imkute mchezaji aliye katika msimu wake wa kwanza. Anaistahili. Ila hafla nyingi za michezo huharibika kwa sababu moja: wafungaji huitwa mbele kwa majina, wengine hupigiwa makofi ya jumla. Msikubali. Chukueni karatasi za takwimu za mechi zote, mzisome wenyewe, kisha mkae na picha za video, maana takwimu nazo zina upofu wake.

Tazameni mvuto wa kuanzia. Mwanzo wa kila robo na baada ya kila bao, wawili husimama katikati, fimbo zimegusana mgongo kwa mgongo juu ya usawa wa kiuno, mpira umebanwa katikati. Filimbi ikilia huvuta kwenda juu, na mpira sharti upae kupita vichwa vyao. Katika lakrosi ya wanawake aliyefungwa hapewi mpira wa kuanza. Ni lazima augombee. Kwa hiyo timu inayotawala mivuto inaweza kufunga matatu au manne mfululizo, mpinzani hajaugusa mpira. Karatasi humwandikia aliyeudaka. Aliyeuvuta ukaangukia pale pale palipopangwa haandikiwi kitu, wala yule mwenzake aliye kwenye duara linalowazunguka wavutaji, aliyemzuia mpinzani kwa mwili wake ili mwenzake apate nafasi. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuwahesabu hao, mechi kwa mechi, na majina yao yasomwe.

Mabeki pia. Ndani ya tao la mita 8, eneo lililochorwa mbele ya goli, beki haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu bila kuwa karibu na mshambuliaji kwa urefu wa fimbo, hivyo miguu yake haitulii. Akimchezea vibaya mshambuliaji humo ndani, mpinzani hupewa mpigo huru, njia ya kuelekea golini ikiwa wazi. Beki aliyevumilia sekunde 90 za saa ya mashambulizi, yaani muda ambao timu yenye mpira hupewa ili ipige golini, bila kufanya kosa amezuia bao, na hakuna safu inayomwandika. Msiwasahau kabisa wale walioigiza uchezaji wa mpinzani mazoezini wiki nzima, kisha siku ya mechi wakakaa benchi.

Katika hafla hiyo watajeni Haudenosaunee, wenyeji wa Amerika Kaskazini waliocheza lakrosi kabla ya vyuo kuwepo. Dakika moja inatosha, lakini isikosekane.

Mkialikwa na viongozi, kumbukeni Northwestern ya 2005. Walishinda mechi zote 21, tena katika msimu wa nne tu tangu timu yao irudishwe kushindana rasmi. Walipokwenda Ikulu ya Marekani, baadhi walionekana pichani wamevaa ndala, na habari ikawa ndala badala ya ubingwa. Naona walionewa. Lakini jifunzeni: kubalianeni mavazi mapema, ili picha isiwaibie sifa. Na walivyolimaliza jambo lile ni kwa kupigiwa mfano: walizipiga mnada ndala zile, fedha zikamfaa binti mdogo aliyekuwa akiugua uvimbe wa ubongo. Uwanjani nako hawakutetereka, wakatwaa ubingwa mara tano mfululizo, 2005 hadi 2009.

Ninyi mnajua ilivyo shida kurudia. Kikosi chenu cha 2022 nacho kilishinda mechi zote 22, na 2023 kombe likaenda Northwestern. Kila mwaka wahitimu huondoka, na pengo la kwanza huonekana kwenye duara, kwa sababu mvutaji na wawili wake husomana kwa mazoea. Basi mkirudi chuoni, msisubiri mechi za kirafiki. Pangeni watatu wapya tangu wiki ya kwanza, wavute kila siku wakiwa bado hawajachoka, kushoto, kulia na mbele, dhidi ya wavutaji wa aina tofauti. Mwekeni mwandishi pembeni aandike mpira ulielekezwa wapi na ulianguka wapi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo itakayowaambia nani avute msimu ujao.

Wasalaam,
Mzee wenu