Shukrani kwa dada aliyerudisha majina ya wanachama wetu

Namshukuru hadharani dada mmoja nisiyemjua kwa sura. Ripoti ya chama chetu cha akiba, inayotolewa kwenye hifadhidata kwa lugha ya SQL, ilikuwa haiwaonyeshi wanachama wasiolipa mwaka 2024, ingawa LEFT JOIN (amri inayounganisha jedwali la wanachama na la malipo na kumbakiza kila mwanachama, hata asiye na malipo) ipo palepale. Hakubahatisha. Aliomba kwanza muundo wa majedwali yote mawili na mistari michache ya mfano. Akaniambia niondoe WHERE yote, yaani sehemu ya sharti la kuchuja mistari, niendeshe tena: majina yakatokea, pembeni yao NULL, yaani alama ya kwamba hakuna thamani. Hapo akanifafanulia, bila haraka, kwamba asiyelipa hubaki na NULL kwenye safu ya mwaka, na kuilinganisha NULL na 2024 hakuleti kweli, basi WHERE inamtupa nje. Sharti la mwaka akalihamishia kwenye ON, sehemu ya LEFT JOIN inayosema mistari ya majedwali ioanishwe vipi, ambako halimtupi mwanachama nje. Ahsante sana, dada. Wataalamu wengine, mkiombwa msaada, tafadhali onyesheni na sababu kama yeye.